Rafiki yangu amenipita darasani, na nimeanza kumchukia

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Kaunti ya Nakuru. Nyumbani ni Kaptembwo. Nina rafiki, nitamwita Nekesa, ambaye tumekuwa pamoja tangu darasa la pili. Mama zetu wanauza viazi na mboga Soko la Wakulima, meza zao zinatazamana. KCPE ya 2023, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nilimpita kwa alama ishirini na sita, na kidato cha kwanza chote nilikuwa mbele yake. Tangu mwaka jana ananipita. Muhula uliopita alikuwa wa pili, mimi wa kumi na moja. Mama alipoona ripoti aliniuliza, "Mwenzako anakula nini ambacho wewe huli?"

Halafu nikafanya jambo linalonisumbua. Nekesa aliugua akalala siku nne katika zahanati ya shule. Alipotoka aliniomba noti za Kemia, mada ya moli. Nikamwambia daftari limepotea, na lilikuwa chini ya godoro langu. Mtihani ulipokuja akaanguka somo hilo, na mimi nikafurahi. Nadhani amejua. Amehama meza yetu ya chakula, na tukikutana kwenye foleni ya maji ananisalimia kama mgeni. Tunakaribia kufunga shule na likizo nzima tutakuwa majirani. Je, mimi ni mtu mbaya? Nimwombe mama anihamishe shule?

Msichana wa Kaptembwo

JIBU: Mwanangu, asante kwa kuandika, na hasa kwa kutaja lile daftari. Ungeweza kuniandikia kwamba Nekesa anaringa siku hizi, nami nisingejua kitu. Mtu aliyeharibika hajiulizi kama ameharibika.

Kuficha daftari lilikuwa kosa. Mgonjwa alikuomba msaada, ukamdanganya, na akaumia kwa sababu yako. Sitalipunguza hilo, kwa kuwa wewe mwenyewe hulipunguzi, na kwa sababu kosa lenye jina linaweza kurekebishwa. Lakini ule uchungu uliokuchoma ulipoona jina lake juu na lako chini, huo hukuuchagua. Ulikuja wenyewe, kama unavyowajia walimu mwenzao anapopandishwa cheo, na mafundi jirani yao anapopata wateja wengi. Hata ile furaha alipoanguka, ambayo naona ndiyo inayokutisha kuliko yote, ni hisia iliyopita moyoni. Utaulizwa juu ya ulichofanya kwa mikono yako. Kilichopita moyoni unaweza kukitazama, ukakijua, ukakataa kukitii.

Sasa nikuulize kitu. Nekesa alikuwa wa pili. Wa kwanza ni nani? Katika barua yako hayumo kabisa. Msichana huyo amekupita kuliko Nekesa, lakini hukumfichia daftari, hukufurahia kuanguka kwake, na sidhani unajua alipata ngapi katika Kemia. Hakuumizi kwa sababu hajawahi kulala kwenu, hamkubebana mgongoni mkiwa wadogo, na mama yake haketi mbele ya mama yako. Kinachokuchoma ni ukaribu wenu.

Jambo hili limechunguzwa. Abraham Tesser, mwanasaikolojia wa Marekani, alilifanyia kazi miaka mingi. Mwaka 1980 yeye na mwenzake walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Waliwaita vijana, kila mmoja na rafiki yake, wakawachanganya na wasiowajua, wakawachezesha mchezo wa kubahatisha neno. Anayemsaidia mwenzake kubahatisha alikuwa na vidokezo vya namna mbalimbali, vingine rahisi na vingine vigumu, akawa huru kuchagua atoe vipi. Vijana walioambiwa kwamba mchezo ni mchezo tu waliwapa marafiki zao vidokezo rahisi kuliko walivyowapa wageni. Wale walioambiwa kwamba mchezo unapima uwezo muhimu wa akili waligeuka: waliwapa marafiki zao vidokezo vigumu kuliko walivyompa mtu wasiyemjua.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha ufikirie lile godoro. Hao hawakuwa watu waovu, walikuwa marafiki wa kweli. Alichoeleza Tesser ni kwamba mambo mawili yakikutana, mtu wa karibu na jambo ambalo wewe mwenyewe unalithamini, ushindi wa mwenzako unakuwa kama umekunyang'anya kitu. Nekesa angekuwa anakushinda netiboli ungesimama kando ya uwanja ukipiga vigelegele. Anakushinda masomo, na masomo ndiyo yaliyokuwa jina lako tangu shule ya msingi. "Yule mtoto wa Mama nani, yule mwerevu." Jina hilo limehamia meza ya pili, mita chache tu kutoka kwa mama yako, na hakuna aliyekuuliza unajisikiaje.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na Nekesa, lazima nikusaidie kuona kama kweli amekunyang'anya kitu. Mimi nasema hapana, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Gredi yako ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupatikana kwa masomo saba. A ina pointi 12, E ina pointi 1, jumla ya juu kabisa ni 84. Kuingia chuo kikuu kunaanzia C+, yaani pointi 46. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali panapouliza Nekesa alipata ngapi. Katika KCSE ya 2024 walikuwepo watahiniwa zaidi ya 960,000 nchi nzima. Waliopata A walikuwa 1,693, na waliopata C+ na kuendelea walikuwa 246,391. Nekesa ni mmoja katika umati huo. Ukimwondoa, wanabaki wengine wote, na gredi yako inabaki palepale ulipoiweka wewe.

Najua utaniambia: mwalimu, lakini nafasi za udaktari ni chache. Ni kweli. Kozi kama hizo huwa na waombaji wengi kuliko nafasi, na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, huwapanga kwa pointi za klasta, yaani zinazozingatia masomo ambayo kozi inayahitaji, mwenye nyingi akitangulia. Lakini foleni hiyo ni ya nchi nzima, ina wasichana na wavulana wa Mandera, wa Kwale, wa Busia, ambao hutawaona kamwe na hutaweza kuwafichia chochote. Kumfichia mmoja kati yao, tena yule anayeweza kukusaidia kuvuka Fizikia, ni hasara tupu upande wako. Na nyinyi mko mkondo wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka. Mliofanya KCPE ile ya mwisho ya 2023 ndio mtakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, huku wadogo zenu wa Gredi ya 10 wakifuata mfumo mwingine. Nasikia mnavyoambiwa kila asubuhi kwenye gwaride kwamba nyinyi ndio wa mwisho, msituangushe. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini huwafanya watoto waangaliane kama watu wanaogombania kiti kimoja cha matatu ya mwisho usiku. Kiti si kimoja.

Sasa hiyo nafasi ya kumi na moja. Nafasi ni kipimo cha kudanganya, na nasema hivi nikijua shule nyingi zinakitegemea. Darasani ambamo wasichana wengi wamebanana kwenye alama zinazokaribiana, unaweza kushuka nafasi nane kwa kupoteza alama chache tu. Unaweza hata kupanda alama na ukashuka nafasi, kwa sababu wengine wamepanda zaidi. Mwaka 2014 serikali iliamua kuacha kuorodhesha shule na watahiniwa katika matokeo ya mitihani ya kitaifa, na sababu mojawapo ilikuwa mashindano yasiyofaa yaliyotokana na orodha hizo. Lakini orodha ya ubaoni, ile inayobandikwa nje ya ofisi mkasukumana kuisoma, ilibaki, na ndiyo inayowaingia nyinyi moyoni, maana majina yote juu yake mnayafahamu.

Fanya hivi. Tafuta ripoti zako zote tangu kidato cha kwanza. Ukifika nyumbani, chukua karatasi, uandike masomo upande mmoja na mihula upande mwingine, kisha ujaze alama zako peke yake. Usiandike nafasi. Usiandike za Nekesa. Mara nyingi wasichana wakifanya zoezi hili hugundua kwamba "nimeanguka" maana yake ni somo moja au mawili yaliyoporomoka, na mengine yametulia. Kama ni Fizikia na Hisabati, hiyo ni habari unayoweza kuifanyia kazi. "Nekesa amenipita" huwezi kuifanyia kazi yoyote, labda kuficha daftari.

Niende kwa mama yako, kwa sababu naona nusu ya mzigo huu umetoka sokoni.

Ninawafahamu akina mama wa Wakulima. Karo rasmi ya shule ya bweni ya serikali ni kama Sh40,535 au Sh53,554 kwa mwaka, kutegemea aina ya shule, na hapo hujahesabu sare, nauli, sabuni na pesa za matumizi. Pesa hizo kwenu zinatoka kwenye viazi, na viazi ni vya msimu. Vikifurika kutoka Molo na Mau Narok bei inaanguka na mwenye meza anarudi nyumbani na hasara. Mama anayelipa karo kwa biashara ya namna hiyo anaogopa kila siku ya muhula, na hofu yake haina pa kwenda ila kwenye ile ripoti. Anapouliza mwenzako anakula nini, anauliza kama jasho lake litazaa. Sisemi alifanya vyema kuuliza hivyo. Nasema maneno yale yalitoka kwenye hofu, na ukilijua hilo hutayasikia kama dharau.

Na kuna jambo ambalo wewe huenda hulioni. Mama yako na Mama Nekesa nao ni marafiki, wanakopeshana chenji, wanaangaliana meza. Wao nao wana jambo wanalolithamini wote wawili, nalo ni nyinyi. Yule mchomo wa karibu ambao Tesser aliueleza hauishi mtu akifika kidato cha nne. Inawezekana sana kwamba Mama Nekesa alipokuwa akisoma ile ripoti ya nafasi ya pili kwa sauti ya furaha, mama yako alipongeza kwa mdomo, akaumia, kisha akayaleta nyumbani maumivu hayo akakutwika wewe.

Utamwambiaje? Mtoto hamkaripii mzazi, na sitakuelekeza njia itakayoonekana ni utovu wa adabu. Usimwambie sokoni. Usimwambie siku ya kufungua ripoti. Ngoja jioni mnapomenya viazi au mnapopanga bidhaa za kesho, mkono ukiwa na kazi, macho hayakutani sana, maneno hutoka. Mwambie: "Mama, najua unavyohangaika na karo yangu. Ukinilinganisha na Nekesa, nikishika kitabu namuona yeye. Naomba uniulize kuhusu Fizikia yangu." Mwonyeshe ile karatasi. Ukimpa mzazi swali jingine la kuuliza, mara nyingi analiacha lile la kwanza. Ukiona huwezi kabisa, mpitie shangazi au mama mdogo, yule ambaye mama humsikiliza, naye alifikishe. Hiyo ndiyo njia tunayoijua, na inafanya kazi.

Kama kuna mzazi anayesoma haya, nitamwomba kitu kimoja tu. Mtoto akileta ripoti, muulize ni somo gani limempendeza na lipi limemshinda, kabla hujamuuliza nani alikuwa mbele yake. Majirani waacheni kwao.

Sasa Nekesa.

Zungumza naye kabla ya kufunga shule. Najua unatamani kungoja likizo, ukidhani mambo yatajipoza. Hayatapoa. Mkifika Kaptembwo mtakuwa mnatumwa huku na huku, mama zenu wako katikati, wadogo zenu wanasikiliza, na mtalazimika kuigiza kwamba mko sawa. Urafiki unaoigizwa mbele ya mama wawili kwa wiki tatu ni mgumu sana kuufufua baadaye. Shuleni mna Jumapili mchana, mnapofua na kuanika nguo. Mwendee akiwa peke yake. Usimtume mtu. Usimwandikie kikaratasi kupitia deski, kwa sababu kikaratasi husomwa na bweni zima. Na ulishike lile daftari mkononi.

Mwambie ulichofanya, kwa jina lake. "Siku uliyoniomba noti za moli, daftari nilikuwa nalo. Nilikudanganya. Niliona wivu kwa sababu umenipita, na hiyo si sababu ya kukufanyia vile. Nisamehe." Halafu unyamaze.

Sehemu hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu. Utataka kuongeza "lakini mama yangu alikuwa ananisumbua", au "kama nilikuumiza". Maneno hayo mawili huharibu msamaha wote. La kwanza linampa mtu mwingine kosa lako, la pili linatia shaka kama aliumia, na aliumia. Mambo ya mama yako unaweza kumweleza siku nyingine, mkishakuwa mnaongea, na wakati huo yatakuwa ni siri kati ya marafiki. Leo yatakuwa kisingizio.

Je, umwambie kwamba ulifurahi alipoanguka? Wapo watakaokushauri useme yote ili uwe mkweli kabisa. Mimi nakushauri usiseme. Daftari ni jambo ulilomtendea, ana haki ya kulijua. Ile furaha ilibaki ndani yako, na kumwambia kutakutua wewe mzigo na kumtwika yeye. Ukihitaji kuisema, umeshaiandika hapa. Unaweza pia kuipeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, au kwenye sala zako kama wewe ni mtu wa sala.

Kisha jiandae kwa lolote. Anaweza kulia, mkakumbatiana. Anaweza kukuambia alijua tangu siku ile, kwa sababu kitanda chako yeye anakijua kama chake. Anaweza kuchukua daftari akaenda bila neno. Anaweza hata kuwasimulia wale marafiki wapya, nao wakakutazama vibaya kwenye foleni ya githeri kwa muda. Hilo la mwisho litauma, lakini usijibu, wala usianze kumsema kwa wengine ili ujitetee. Kuomba msamaha hakumfungi aliyekosewa. Wewe unafanya sehemu yako, yake ni yake, na ina muda wake.

Ningependa pia umfikirie kidogo kutoka upande wake, maana katika barua yako Nekesa ana furaha tu. Mimi nimekaa na wasichana wa nafasi ya pili. Wengi wao hawalali. Aliyepanda haraka huogopa kushuka kuliko aliyekuwa juu siku zote, kwa sababu anahisi kila mtu anangoja kuona kama ilikuwa bahati. Na aliugua, akalala zahanati siku nne huku vipindi vikimpita, akatoka na mtu wa kwanza kumkimbilia alikuwa wewe. Hakwenda kwa yule wa kwanza darasani. Bado alikuwa anakuhesabu wewe kuwa mtu wake. Kuhama meza kwake sidhani ni majivuno. Naona ni mtu aliyeumia na hajui aseme nini.

Akikukubalia, msirudi kusoma pamoja kama zamani moja kwa moja. Anzeni kidogo, na anzeni na moli, kwa sababu hapo ndipo deni lilipo. Mfundishe mada hiyo kutoka kwenye daftari lako. Usione kama unampa silaha. Mtu anayemweleza mwenzake jinsi ya kupata idadi ya moli kutoka kwenye gramu hulazimika kuielewa mwenyewe hadi kwenye mizizi, na pale atakapokwama kueleza ndipo atakapojua hakuelewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka walichosoma walikikumbuka vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena na tena. Kusoma daftari kila siku mpaka kurasa zilegee, ambako ndiko wengi wenu mnakoita kusoma kwa bidii, kunasaidia kidogo. Kuulizwa maswali huku daftari limefungwa kunasaidia sana. Na wa kukuuliza maswali ni nani, kama si rafiki? Kila mmoja amtungie mwenzake maswali matano ya somo ambalo yeye analiweza. Wewe Kemia, yeye labda Fizikia. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Siku nyingine kila mtu asome kivyake, kwa sababu hata marafiki wakibanana sana huanza kuhesabiana kurasa.

Wekeni na sharti moja kuhusu alama. Karatasi zikirudishwa, hakuna kuulizana "umepata ngapi" mpaka kesho yake. Kila mtu aangalie kwanza makosa yake, ayasahihishe. Kesho yake mkiulizana, mtaulizana mkiwa mmetulia, na mara nyingine hamtakumbuka hata kuuliza.

Wivu utarudi. Nakuambia mapema ili usije ukadhani umeshindwa. Orodha nyingine itabandikwa, jina lake litakuwa juu, na kifua kitakubana. Watafiti wa Uholanzi, Niels van de Ven na wenzake, walieleza mwaka 2009 kwamba kuna wivu unaomsukuma mtu ajiinue na kuna wivu unaomsukuma amshushe mwenzake, na huo wa kwanza unaweza kumfaidi mwenye nao. Ukiubaini, uangalie unataka kukufanyisha nini. Ukitaka ufungue kitabu, ufuate. Ukitaka ufiche kitu, useme neno baya juu yake, au ufurahie akose, kaa nao bila kufanya chochote mpaka upungue. Hupungua.

Kuhusu usingizi sitasema mengi, ila uuheshimu. Kijana wa umri wako anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi, na najua kengele ya prepu ya alfajiri haiwapi hizo. Basi usizipunguze zaidi kwa tochi chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa. Mtu aliyenyimwa usingizi huona kila jambo ni dharau, na alichosoma usiku huo hakishiki.

Sasa swali la kuhama. Usimwombe mama akuhamishe. Ungekuwa unapigwa au unaonewa bwenini ningekuambia vingine, lakini hapa ungemhamisha mama yako na gharama mpya, sare mpya na ada za kuanzia, ili ukimbie mtu ambaye bado ni jirani yako Kaptembwo. Herbert Marsh, mtafiti aliyefanya kazi yake Australia, ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mwanafunzi huupima uwezo wake kwa kujilinganisha na wale walio karibu naye. Akiwa kati ya wenye nguvu hujiona dhaifu, hata kama uwezo wake haujapungua hata kidogo. Ulikotoka shule ya msingi ulikuwa juu ya wachache. Hapa mmekutana waliokuwa juu kutoka kila mahali. Kila utakakohamia utamkuta Nekesa mwingine, tofauti ni kwamba huyo hatakuwa na sababu ya kukusamehe.

Mwisho, nikutazame kidogo wewe mwenyewe. Kama haya yamekukosesha hamu ya kula, unaamka usiku na moyo unakwenda mbio, au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, usingoje Nekesa akusamehe ndipo uombe msaada. Nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha wiki hii, au kwa metroni wa bweni kama yeye ndiye unayemwamini. Ukiwa nyumbani, piga 116, namba ya Childline Kenya. Ni bure, na huhitaji kutaja jina lako wala shule yako. Anza na usingizi na chakula, ndiyo mepesi kusema. Ya daftari yatafuata.